Karatasi ya bibi inakwenda wapi?

*MAKALA MAALUMU*

*Vyuo vyetu hufundisha uchumi mlango huu na ustawi wa jamii mlango ule. Mwandishi wetu anafuatilia sahani hizi mbili zilitenganishwa lini, nani anataka zibaki hivyo, nani anataka zirudi kwenye sinia moja, na mwananchi wa kijijini anaingiaje kwenye ugomvi huo.*

Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili wa shahada ya uchumi. Likizo ndefu ilinikuta sina hela, nikapata kibarua cha kukusanya takwimu za kaya katika kijiji kimoja cha kusini, ukanda wa korosho. Siku ya tatu, kaya yangu ya nne ilikuwa ya bibi mmoja niliyemkuta barazani anabangua korosho, wajukuu watatu wamemzunguka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu mkeka."

Nikakaa, nikafungua dodoso. Wanakaya wangapi? Mkuu wa kaya nani? Maji mnachota wapi? Choo cha aina gani? Redio ipo? Baiskeli ipo? Kila jibu lilikuwa na msimbo wake, na kazi yangu ilikuwa kuuzungushia duara. Nilipofika kwenye paa sikuhitaji kuuliza. Niliinua macho, nikaona bati, nikazungushia.

Bibi aliniona nikitazama juu. Akaniambia bati lile lilinunuliwa na mwanawe, msimu ule korosho zilipolipa. Msimu uliofuata hazikulipa. Mwana akapanda basi kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, akawaacha watoto hawa watatu. Simu yake huja Iddi hadi Iddi. Dodoso halikuwa na mahali pa kuandika habari hiyo. Niliiandika pembeni kwa penseli.

Nilipofunga makabrasha yangu, akauliza, "Na hii karatasi, mjukuu wangu, inakwenda wapi?"

Nikamjibu, inakwenda Dar es Salaam. Sikumdanganya, lakini sikuwa nimemjibu. Nilikuwa na semista nne za uchumi kichwani. Mkondo wa mahitaji ningeuchora nimefumba macho. Safari ya karatasi ya bibi sikuijua.

Mhariri aliponituma kuandika juu ya masomo ya uchumi na sera za jamii katika vyuo vyetu, swali hilo lilirudi. Wasomaji wengi wana mtoto, mdogo au jirani anayejaza fomu za chuo. Uchumi ni miongoni mwa masomo yanayokimbiliwa. Je, kijana huyo anafundishwa nini juu ya bibi yule?

Madesa na vimbweta

Pita Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, majira ya mitihani ya mwisho wa semista. Vimbweta, zile meza za nje za wanafunzi, vimejaa hadi jioni. Wa uchumi utawajua kwa karatasi zilizojaa mikondo na alama za Kigiriki. Wengi wametoka sekondari na michepuo ya EGM, HGE au ECA, na wote wana hofu mbili: kupata sapu, yaani kurudia mtihani, na kudisko, yaani kufukuzwa masomo.

Chakula chao cha darasani hakitofautiani sana na cha vyuo vingine vya nchi. Kuna maikro, kuna makro, kuna hisabati, takwimu, halafu ekonometriki, somo lililowatoa jasho wengi. Vitabu vya Chiang na Gujarati vimerudufiwa vizazi kwa vizazi, hadi namba nyingine ukurasani huonekana kwa kukisia.

Sera za jamii zimo, ila pembezoni. Kuna kozi ya uchumi wa afya hapa, ya uchumi wa kazi pale, na kuna Stadi za Maendeleo, ile DS ambayo hata wahandisi huisoma. Wanafunzi wengi huichukulia kama ushuru wa mlangoni: unalipa, unapita.

Anayetaka kusomea ustawi wa jamii wenyewe, yaani wazee, watoto, walemavu, mafao na ulinzi wa familia, huelekea kwingine. Kilomita chache kutoka Mlimani, Kijitonyama, kipo Chuo cha Ustawi wa Jamii kilichoanzishwa mwaka 1973. Wanafunzi wa pande hizi mbili wanaweza kupanda daladala moja asubuhi na wasikutane darasani hata siku moja.

Mgawanyo huo haukomei chuoni. Serikalini kuna Wizara ya Fedha, na kuna Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Kwenye halmashauri kuna mchumi wa idara ya mipango na kuna afisa maendeleo ya jamii. Ofisi zao huwa jirani, na kijiji wanachokihudumia ni kilekile.

Chakula kilipikwa jikoni kwetu

Ajabu ni kwamba Afrika Mashariki ilikuwa moja ya majiko ambamo uchumi na sera za jamii vilipikwa chungu kimoja.

Chukua Richard Titmuss. Mwingereza huyu aliacha shule akiwa kijana mdogo, akawa karani wa kampuni ya bima. Hakupata shahada. Lakini kazi ya bima ni kuhesabu vifo, naye alivihesabu mpaka akaanza kuuliza kwa nini maskini hufa mapema. Mwaka 1950 akawa profesa katika London School of Economics. Mwaka 1964 ilichapishwa ripoti aliyoiongoza kuhusu huduma za afya za Tanganyika, akiwa na wenzake, mmoja wao mchumi Brian Abel-Smith. Walisisitiza kinga na vituo vya afya vijijini, mahali ambapo wananchi wengi waliishi.

Ripoti ile haikutenga mlango wa uchumi na mlango wa ustawi. Swali lilikuwa moja: nchi yenye fedha kidogo na madaktari wachache iviweke wapi?

Kenya nako kulikuwa na moto. Mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana kuwa waajiri waongeze watu kazini ili ukosefu wa ajira mijini upungue. Foleni haikupungua. Waliosikia kwamba kazi zimeongezeka walifunga virago vijijini wakaja mjini. Wachumi John Harris na Michael Todaro, waliofanya kazi Kenya, wakalieleza jambo hilo kwa hesabu mwaka 1970.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mtu wa kijijini hulinganisha kipato cha shamba na mshahara wa mjini akiuzidisha kwa uwezekano wa kuupata. Mshahara wa mjini ukiwa mkubwa vya kutosha, ataondoka hata akijua wengi wanakosa. Leo hakuna mwanafunzi wa uchumi wa maendeleo, awe Dar es Salaam au Chicago, anayemaliza bila kukutana na kanuni hiyo.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani likatoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya. Ripoti hiyo ndiyo iliyoisambaza duniani dhana ya sekta isiyo rasmi. Mafundi wa jua kali walikuwepo siku zote, lakini sasa walipata jina katika vitabu vya wachumi.

*Kanuni ya Todaro inaeleza kwa nini mwana wa bibi alipanda basi. Haielezi nani atawalea watoto aliowaacha.*

Hapo ndipo somo moja linapoishia na jingine kuanza. Mchumi amemaliza kazi yake mwana anapofika stendi. Kilichobaki kijijini, yaani wajukuu, bati na simu ya Iddi hadi Iddi, ni kazi ya sera za jamii. Ukiyasoma mbalimbali unapata nusu ya familia.

Mlimani ya enzi zile

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kilihamia Mlimani mwaka 1964 na kuwa chuo kikuu kinachojitegemea Julai 1, 1970.

Swali la msomi anadaiwa nini lilianza mapema. Oktoba 22, 1966, wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewakata sehemu kubwa ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza Ikulu, kisha akawarudisha makwao zaidi ya 300, akapunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Mwalimu alikuwa na mfano aliopenda kuutumia kuhusu wasomi. Kijiji chenye njaa kinampa kijana mmoja chakula chote kilichobaki ili apate nguvu ya kwenda kuleta chakula kutoka mbali. Asiporudi, amekisaliti kijiji. Kwa maneno ya leo ungesema hiyo ni nadharia ya uwekezaji wa elimu, isipokuwa ndani yake mna watu wenye majina.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mlimani iliwaka mijadala. Walter Rodney alifundisha historia hapo, na kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972 kwa ubia na Tanzania Publishing House. Justinian Rweyemamu, mchumi aliyesomea Harvard, alichambua viwanda vya Tanzania. Wanafunzi wa uchumi, historia, sheria na siasa walisoma mambo ya jamii kwa pamoja, wakabishana kwa pamoja. DS ni mtoto wa zama hizo.

Waliopita Mlimani miaka hiyo hawakuwa wachache wala wadogo. Yoweri Museveni alihitimu mwaka 1970. Jakaya Kikwete alipata shahada yake ya uchumi hapo mwaka 1975. Upande wa pili wa mpaka, Mwai Kibaki alikuwa ameshasoma uchumi Makerere, akaenda London, kisha akarudi Makerere kufundisha somo hilohilo kabla ya kuingia siasa.

Maadui watatu wa taifa wakati huo walitajwa kwa pumzi moja: ujinga, maradhi na umaskini. Ukiwageuza, unapata elimu, afya na kipato: hizo ndizo sera za jamii na uchumi katika sentensi moja.

Rafu zilipokuwa tupu

Kisha nchi ikaishiwa. Bei ya mafuta ilipanda, ikaja vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979, na mazao ya kuuza nje yakashuka. Mwaka 1979 Waziri wa Fedha Edwin Mtei alijiuzulu baada ya kutofautiana na Mwalimu juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Wenye umri wanakumbuka foleni za sukari, sabuni na unga wa yanga.

Mwaka 1986 serikali ya Rais Mwinyi ilikubaliana na IMF. Meza za mazungumzo zilitaka mtu wa kujua hesabu: shilingi ishuke kiasi gani, nakisi ipungue vipi, riba iwe ngapi. Hotuba hazikutosha tena. Vyuo vikaelekea huko. Mwaka 1988 ulianzishwa jijini Nairobi muungano wa utafiti wa kiuchumi wa Afrika, AERC, na kuanzia mwaka 1993 wanafunzi wa shahada ya uzamili kutoka nchi mbalimbali wakawa wanasoma kwa mtaala wa pamoja, wenye hisabati ya kutosha.

Miongoni mwa waliojenga AERC alikuwa Benno Ndulu, aliyefundisha Mlimani na baadaye kuwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania kuanzia mwaka 2008 hadi 2018. Kizazi chake kilithibitisha kuwa Mwafrika anaweza kukaa meza moja na wataalamu wa Washington akawajibu kwa namba.

Upande wa ustawi mambo yalikwenda kinyume. Lilikuja neno uchangiaji. Ada ya shule za msingi ilirudi. Kuanzia mwaka 1993 hospitali za umma zikaanza kutoza. Waliokokotoa nakisi na waliopokea wagonjwa wasio na hela hawakuwa watu wale wale, wala hawakuwa wamesoma kozi zile zile. Ada ya msingi ilifutwa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ya sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016.

Wanaotaka hesabu zaidi

Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na katika mjadala huu ngoma zote mbili zina ngozi nzuri.

Upande wa kwanza husema hivi: mchumi asiye na hesabu ni mhubiri. Atalia na maskini, lakini akiulizwa mpango wake utagharimu kiasi gani mwaka wa tano, atakohoa. Anayetaka shahada ya uzamili nje ya nchi hukutana na wenzake kutoka China na India waliokula hisabati tangu utoto. Ukimpunguzia hesabu umemfungia njia.

Wana mfano wa nyumbani. Kuanzia mwaka 1998, katika shule 75 za Busia, magharibi mwa Kenya, wachumi Michael Kremer na Edward Miguel walifuatilia watoto waliopewa dawa za minyoo kwa zamu, baadhi ya shule zikianza na nyingine zikisubiri. Utoro ulionekana kupungua kwa takriban robo. Kremer, aliyewahi kufundisha Kenya akiwa kijana, alikuwa mmoja wa watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019.

Baadaye watafiti wengine walizirudia takwimu hizo na ukazuka ubishi mkali juu ya ukubwa wa matokeo. Wapenda hesabu hawauonei haya ubishi huo. Wanasema hiyo ndiyo faida yenyewe: hesabu inaweza kukaguliwa na asiyekupenda.

Wanaotaka watu zaidi

Upande wa pili hauikatai hesabu. Unauliza ni nani aliyeamua kipi kihesabiwe.

Sauti nzito ya upande huu ilikuwa ya Thandika Mkandawire, mchumi wa Malawi aliyeongoza taasisi ya Umoja wa Mataifa ya utafiti wa maendeleo ya jamii, UNRISD, kuanzia mwaka 1998 hadi 2009, kisha akawa profesa wa maendeleo ya Afrika katika London School of Economics. Alifariki Machi 2020. Hoja yake kubwa ni kwamba sera za jamii hazikuumbwa kuwa plasta ya kubandika baada ya uchumi kujeruhi. Nchi zilizochelewa kuwa na viwanda zikafanikiwa zilizitumia elimu, afya na pensheni kama mashine ya kukuza uchumi wenyewe.

Ukikubaliana naye, basi kumfundisha mchumi sera za jamii si kumwonjesha utu ili asiwe katili. Ni kumfundisha kazi yake.

*"Nani anastahili?" huonekana swali la huruma. Ukilifikisha mezani ni swali la hesabu, na ukilirudisha kijijini ni swali la siasa.*

Mtihani wa visiwa na bara

Kama kuna swali moja la mtihani linaloweza kuwakalisha wanafunzi wa pande zote chumba kimoja, tunalo hapa nyumbani.

Aprili 2016 Zanzibar ilianza kulipa Pensheni Jamii. Kila mkazi aliyetimiza miaka 70 alistahili shilingi 20,000 kwa mwezi, awe mvuvi wa Nungwi au mstaafu wa serikali. Fedha ilitoka kwa serikali yenyewe. Hakuna aliyeulizwa paa lake.

Tanzania Bara ina Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulioanzishwa mwaka 2000. Mpango wake wa kunusuru kaya maskini, uliotanguliwa na majaribio katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, umefikia zaidi ya kaya milioni 1. Hapa pana chujio. Kwanza eneo, kisha mkutano wa kijiji unaowataja maskini wake, kisha dodoso na kompyuta.

Anayetetea chujio husema fedha ni ndogo, kwa nini apewe aliyewahi kuwa waziri? Anayetetea pensheni kwa wote husema chujio lenyewe lina gharama, huzua manung'uniko kati ya majirani, na kila chujio hukosea mara mbili: humwacha anayestahili, humwingiza asiyestahili. Huongeza pia kwamba kinachomgusa kila mtu hulindwa na kila mtu, ilhali cha maskini peke yao ni rahisi kukatwa.

Hesabu ya awali hata mtoto wa darasa la saba anaiweza. Kwa kiwango cha kuanzia, shilingi 20,000 kwa miezi 12 ni 240,000. Kila wazee 1,000 ni shilingi milioni 240 kwa mwaka. Ugumu uko mbele: wazee watakuwa wangapi baada ya miaka 20? Kodi gani itabeba? Pensheni hiyo itabadilisha nini kwa mjukuu anayelala chumba kimoja na bibi? Mchumi peke yake atalijibu swali la kwanza na la pili. Kwa la tatu atahitaji mtu aliyewahi kukaa mkekani.

Swali la nani anastahili si la jana wala la Zanzibar tu. Utafiti wa bajeti ya kaya wa Tanzania Bara wa mwaka 2017/18 ulionyesha asilimia 26.4 ya watu wakiishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita mwaka 2023, na ugumu wake ni uleule: nani achangie, nani alipiwe, na nani atamtambua wa kulipiwa.

Kaya ni nini kwa Kiswahili?

Kuna jambo jingine ambalo ratiba za vyuo haziliandiki. Uchumi hufundishwa kwa Kiingereza, mtihani ni Kiingereza, halafu utafiti hufanywa kwa Kiswahili, na mara nyingine kwa Kimakonde, Kigogo au Kisukuma.

Mwanafunzi anayejua tafsiri ya kitabuni ya kaya hufika kijijini akakuta mzee mwenye wake wawili, nyumba mbili, shamba moja na chungu kimoja siku za Ijumaa. Hiyo ni kaya moja au mbili? Jibu lake litabadilisha wastani wa kipato, na wastani utabadilisha nani anaitwa maskini.

Hata neno maskini lina uzito wake. Kuna maskini, kuna fukara, kuna asiyejiweza, kuna yule ambaye ana shida tu mwaka huu. Mwanakijiji huzitofautisha hali hizi bila taabu. Dodoso huzikusanya zote kwenye msimbo mmoja. Siku hizi utamsikia mtu akisema yeye ni "kaya maskini", kana kwamba ni kazi au cheo. Lugha ya mpango imehamia kwenye vinywa vya watu, na mchumi asiyeisikia vizuri hataelewa anachojibiwa.

Bumu na deni

Mjadala huu una bili, na wa kwanza kuiona ni mwanafunzi. Wengi wanasoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004. Fedha ya kujikimu, maarufu kama bumu, ikichelewa, mama lishe wa jirani na chuo ndiye Wizara ya Fedha. Akiajiriwa, mhitimu hukatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe.

Mwenye deni hilo anauliza swali la haki: nisomee nini nipate kazi? Mzazi naye anauliza hivyohivyo. Ukimwambia aongeze kozi za sera za jamii, atataka kujua zitamsaidia nini mbele ya jopo la usaili.

Jibu lipo halmashauri. Kisheria kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mchumi huijua kasma. Afisa maendeleo ya jamii huvijua vikundi. Kikundi kikishindwa kurejesha, mmoja ataona namba nyekundu, mwingine atajua kuwa katibu alihama na muhuri. Mwajiri anayempata mtu mmoja anayeona yote mawili hataki kumwachia.

Kuunganisha hakuhitaji kujenga kitivo kipya. Vyuo kadhaa vya Uingereza vinatoa shahada inayobeba uchumi na sera za jamii pamoja. Hapa yapo mambo madogo yanayowezekana: kozi ya pamoja kati ya vyuo viwili vilivyo jirani, mafunzo ya vitendo yanayompeleka mwanafunzi wa uchumi ofisi ya ustawi na wa ustawi idara ya mipango, na DS inayosomwa kwa kesi za Pensheni Jamii na mikopo ya halmashauri badala ya fasili za kukariri. Wanaoogopa kwamba hesabu itapungua wana hoja. Kinachoweza kupungua ni hesabu zisizo na mahali pa kwenda.

Njia ya karatasi

Leo ningeweza kumjibu bibi. Karatasi yako, ningemwambia, itapita kwa msimamizi wangu, kisha kwa karani atakayeingiza misimbo kwenye kompyuta. Kila jibu litapewa uzito uliopatikana kwa kulinganisha kaya nyingi zilizopimwa kwa kina. Redio ina pointi zake, baiskeli zake, na bati lina nyingi, kwa sababu mara nyingi mwenye bati ana fedha. Pointi zikijumlishwa utaangukia juu au chini ya mstari.

Kisha utakuwa nukta kwenye jedwali. Jedwali litaingia kwenye ripoti, ripoti itafika Hazina, na Juni itasomwa bajeti Dodoma. Kitakachotoka humo kitashuka hadi halmashauri, kata, mkutano wa kijiji, na huenda kikafika barazani kwako, huenda kisifike.

Yote hayo mchumi amefundishwa. Kasoro ya karatasi ile ilitokea kituo cha kwanza kabisa, na haikuwa ya hesabu. Karani hakuwa na safu ya kuingiza maneno ya pembeni. Bati likaingia, likapata pointi zake. Aliyelinunua, msimu aliolinunua na basi alilopanda vilibaki kwenye karatasi, kwa penseli, kwenye boksi ambalo sikuliona tena.

Nilimaliza kibarua, nikalipwa, nikarudi chuoni. Muhula uliofuata tulianza uchumi wa maendeleo, na mhadhiri akachora ubaoni kanuni ya Harris na Todaro. Mshahara wa mjini, mara uwezekano wa kuupata. Wenzangu walikuwa wananakili. Mimi nilikuwa najaribu kukumbuka jina la mwana wa bibi, nikagundua sikumuuliza.